Fimbo Humfundisha Mtoto Kuficha

Mtoto wa miaka mitatu ameketi, meza ameipa mgongo. Nyuma yake kuna mwanasesere anayetoa sauti, naye anatakiwa kutaja ni nani kwa kusikiliza tu. Katikati ya mchezo mtu mzima anatoka: "Nakuja sasa hivi, usigeuke." Wengi hugeuka. Akirudi anauliza: "Ulichungulia?" Jibu la swali hilo ndilo linalotafutwa.

Victoria Talwar na Kang Lee, watafiti kutoka Kanada, waliwapa mtihani wa aina hiyo watoto 84 wa miaka mitatu na minne katika shule mbili za Afrika Magharibi, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Shule moja ilichapa, nyingine haikuchapa. Wengi walichungulia. Lakini wale wa shule ya viboko wengi walikana, na waliokana katika shule ya pili walikuwa wachache kuliko wao. Tena walikana kwa ustadi. Ukimuuliza mtoto mdogo, "Haya, unadhani ni nani huyo?" kwa kawaida hujisahau akalitaja jina, akajifichua. Watoto wa viboko waliweza zaidi kuulinda uongo wao. Fimbo tunayodhani inamnyoosha mtoto ilikuwa imemnoa.

Hadithi za kutisha nazo hazisaidii kama tunavyodhani. Kisa cha mchunga kondoo aliyepiga kelele za uongo kuhusu mbwa mwitu hadi asisadikiwe tena tumekisimulia miaka na miaka. Mwaka 2014 Lee na wenzake walikisoma kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba, na ukweli wao haukuongezeka. Kilichofaa ni kisa cha George Washington mdogo, aliyekiri kukata mti na baba yake akamsifu kwa kusema kweli. Kisa kilipobadilishwa ili kiishie vibaya, nguvu yake ilipotea.

Sisemi kosa liachwe hivihivi. Aliyevunja glasi na azoe vigae. Aliyenakili kazi ya mwenzake na aifanye upya. Ila adhabu ya kosa isigeuke adhabu ya kukiri. Na kama umeona sukari mdomoni mwa mtoto, kwa nini umuulize nani kala sukari? Swali hilo ni mtego, na mtoto hujifunza kuukwepa. Mwambie tu: "Naona umekula sukari. Ukitaka tena, omba."

Kwa vijana mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wao hutusoma. Baba anayehubiri uaminifu mezani, kisha simu ikilia anasema, "Mwambie sipo," ameshafuta somo lake. Mama anayemwandikia mwanawe insha ya shule naye asishangae mwalimu akileta malalamiko ya kuibia mtihani.

Safari nyingine mwanao akija mwenyewe na kusema, "Mama, nimepoteza hela ya nauli," anza na asante. Mazungumzo ya hela yatafuata baadaye.