Fahamu: Kwa nini nyati hujeruhiwa badala ya kufa, na jinsi kichwa cha risasi na baruti vinavyohusika

Anayeishi jirani na kitalu cha uwindaji anajua kwamba nyati mzima akisikia watu mara nyingi hukimbia, lakini nyati aliyejeruhiwa ni habari nyingine. Huingia kwenye kichaka kinene, hugeuka kuangalia njia aliyopitia, na anayekuja nyuma yake ndiye anayekutana na pembe. Huenda asiwe yule aliyefyatua risasi. Anaweza kuwa mfuata nyayo, askari wa wanyamapori aliyeitwa kuimaliza kazi, au mama aliyekwenda kuokota kuni siku mbili baadaye.

Zikitokea ajali za namna hii, lawama huangukia shabaha ya mwindaji. Ni kweli shabaha ndiyo ya kwanza. Lakini mnyama anaweza kupigwa mahali panapofaa, halafu risasi yenyewe ikashindwa kazi. Leo tunaeleza jinsi watu wanaojaza risasi zao wenyewe kwa mkono wanavyochagua kichwa cha risasi na baruti kwa ajili ya wanyama wakubwa. Kazi hiyo hufanywa sana Marekani na Afrika Kusini. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, kwa hiyo hatumfundishi mtu kuzijaza. Tunaeleza kwa sababu risasi hizo huja kutumika kwenye mapori yetu, na matokeo yake tunayaona sisi.

Tuanze na majina, maana lugha yetu hapa inachanganya kidogo. "Risasi" ni kitu kizima kinachotiwa kwenye bunduki, "risasi" ni kile kipande kinachoruka, na "risasi" ni madini laini ya kijivu. Sisi tutasema hivi: ganda ni kikopo cha shaba, chini yake kuna fataki inayotoa cheche, ndani mna baruti, na mdomoni pamebanwa kichwa, ndicho kinachoruka kumwendea mnyama.

Anayejua kazi hii huchagua kichwa kwanza, baruti baadaye. Kichwa ndicho kinachomgusa mnyama, vingine vyote ni vya kukisukuma.

Kichwa cha kawaida ni madini ya risasi yaliyovikwa koti la shaba, ncha ikiachwa wazi. Kikigonga nyama, ncha hufunguka kama uyoga na kufanya jeraha pana. Kwa swala hiyo inafaa sana. Kwa nyati dume mwenye kilo 700, mwenye ngozi nene na bega la mfupa mzito, kichwa chenye koti jembamba huweza kusambaratika kabla hakijafika kwenye mapafu. Kwa nje unaona tundu kubwa na damu nyingi. Ndani, moyo bado unapiga.

Shida hiyo ilimkuta Mmarekani John Nosler akiwinda mnyama mkubwa wa nchi za baridi, aitwaye moose, huko Canada mwaka 1946. Vichwa vyake vilifunguka mapema mno, havikupenya. Aliporudi alitengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka, ukuta huizuia ya nyuma isifunguke, nayo huendelea kusukuma. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition na hadi leo kinanunuliwa. Baadaye vikaja vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi kabisa, ambavyo hufunguka kwa petali nne au zaidi na kubaki na karibu uzito wote.

Kwa tembo hata hivyo havitoshi. Ubongo wa tembo umezungukwa na mfupa mnene wenye matundu kama sega la nyuki, na kichwa kinachofunguka huishia humo njiani. Hapo hutumika kichwa kigumu, kisichofunguka, kinachokwenda moja kwa moja. Ushahidi wa zamani ni wa Mskoti W. D. M. Bell, ambaye watu walimpa jina la Karamojo kwa sababu alizunguka sana Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo leo wengi wangeiona ya swala. Hatumsifii kwa idadi hiyo. Tunachokiona ni kwamba vichwa vyake vilikuwa virefu, vigumu, na havikupinda njia. Alijua pia ubongo uko wapi, na hilo halinunuliwi dukani.

Mbona basi watu wasitumie kichwa kigumu kwa kila mnyama? Kwa sababu hutoboa na kutokea upande wa pili. Kwenye kundi la nyati, aliyesimama nyuma naye hupata jeraha, hukimbia nalo, na hakuna anayejua. Ndiyo maana wawindaji wengi wa nyati huweka kichwa kinachofunguka kwa pigo la kwanza, na vigumu vifuate nyati akishaanza kukimbia.

Sasa baruti. Watu hudhani ni unga mmoja tu, tofauti ikiwa nyingi au kidogo. Sivyo. Fikiria jiko la mafiga. Nyasi kavu huwaka ghafla na kuisha. Gogo la mkwaju huwaka polepole na kusukuma joto muda mrefu. Baruti nazo ziko hivyo. Punje hutofautiana ukubwa, umbo na dawa zilizopakwa, ili nyingine ziwake haraka na nyingine polepole. Kichwa chepesi cha bastola hutaka ya haraka. Kichwa kizito kwenye ganda kubwa hutaka ya polepole, inayokisukuma mfululizo kikiwa bado ndani ya mtutu. Anayetia baruti ya bastola kwenye ganda la bunduki kubwa, kwa kukosea kopo tu, anaweza kuipasua bunduki usoni mwake. Ndiyo sababu wajazaji makini huwa na kopo moja tu mezani wakati wa kazi.

Kwamba baruti inaweza kushindwa hata kiwandani, mfano ni bunduki ya .458 Winchester Magnum iliyotoka mwaka 1956. Ilikusudiwa kuwa bunduki ya Afrika ya bei nafuu: kichwa cha gramu 32 kikitoka kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde. Askari wa wanyamapori wengi wa Afrika Mashariki na kusini walipewa hiyo. Tatizo lilikuwa ganda. Lilifanywa fupi ili liingie kwenye bunduki za kawaida, hivyo baruti ikabidi ishindiliwe humo. Ilipokaa miezi na miaka, tena kwenye joto, ikagandamana kama chumvi iliyopata unyevu. Fataki ikipiga, sehemu haikuwaka vizuri, na kichwa kilitoka kinyonge. Kwa tembo aliye hatua 15 mbele yako, unyonge huo ni kifo. Mwindaji Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 baada ya kuiona .458 ikishindwa kumsimamisha, na akaja kubuni ganda refu zaidi, .458 Lott, ambamo baruti ina nafasi. Winchester nao walirekebisha baruti, na wajazaji wa leo wana aina nyingi zinazotosha vizuri hata kwenye ganda fupi.

Nafasi ikizidi nayo ni shida. Baruti kidogo kwenye ganda kubwa hulala upande mmoja. Ukiinamisha mtutu inakimbilia mbele, mbali na fataki, na mapigo hayafanani.

Kuna jambo la tatu ambalo sisi wa nchi za jua tunalijua kuliko waandishi wa vitabu vya Ulaya: joto. Baruti ikipata moto wa jua huwaka kwa nguvu zaidi. Waingereza waliligundua hilo mapema. Baruti yao ya nyuzi iitwayo cordite, iliyobuniwa mwaka 1889, ilizidisha nguvu India na Afrika kiasi kwamba risasi za huko zilipunguzwa kipimo. Bunduki ya .375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, ilipewa ganda refu linalochongoka taratibu, na umbo hilo husaidia litoke kwa urahisi. Risasi iliyojazwa kufikia kilele wakati wa baridi, kisha ikaachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana, inaweza kukwamisha ganda ndani ya bunduki. Pigo la kwanza limetoka. La pili halipo, na nyati anakuja.

Kwa hiyo mjazaji mwenye busara hufuata kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti yake, huanza chini ya kipimo cha juu, hupanda kidogo kidogo huku akikagua maganda, na hupima mwendo kwa chombo. Hatafuti mwendo wa mwisho. Mita 20 kwa sekunde hazitamsaidia mbele ya nyati kama bunduki haifunguki. Pia huubana mdomo wa ganda vizuri, maana bunduki kubwa hurusha teke, na teke hilo huweza kukididimiza kichwa cha risasi inayosubiri zamu yake.

Sasa yanayotuhusu moja kwa moja. Kijiji kikipewa nyama ya mnyama aliyepigwa risasi, kata na kutupa sehemu pana kuzunguka jeraha, si ile iliyochafuka tu. Kichwa chenye madini ya risasi huacha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto huumia zaidi, hasa ubongo. Matumbo na mabaki yafukiwe, kwa sababu tai wakiyala hudhurika vilevile.

Na wenye magobori. Gobori lilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi. Baruti ya risasi za kisasa haina moshi na ina nguvu nyingi mno kwa bomba lile. Anayefungua risasi aliyoiokota porini na kuimimina kwenye gobori anatengeneza bomu lililo sentimita chache kutoka kwenye jicho lake. Watoto wakiokota risasi nzima, isigongwe wala isitupwe motoni. Iachwe hapo ilipo, na mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kiambiwe ilipoonekana.