Hizbu, Kairo na Njia ya Unyamwezi

Msafiri aingiaye Unyamwezi kwa reli ya kati kutoka Manyoni na Itigi hupita kwanza nyika ndefu ya miyombo na vichaka ambayo watu wa misafara ya zamani waliihofu kwa uhaba wa maji yake, wakaiita Mgunda Mkali; na afikapo Goweko, kituo kilichotangulia Igalula na Tabora, huona dhahiri kwamba ukali wa nchi umekwisha, maana wauzaji hukimbilia madirisha ya mabehewa na chupa za asali, asali nyeusi na nzito iliyobakiwa na harufu ya moshi wa warinaji, na maneno ya Kinyamwezi huchanganyika na Kiswahili katika bei na salamu. Kabla Wajerumani hawajaifikisha reli Tabora mwaka 1912, safari hiyohiyo ilifanywa kwa miguu kupitia Tura, Rubuga na Kigwa, na wengi walioifanya walikuwa Wanyamwezi wenyewe, vijana ambao kwao kwenda pwani na kurudi kulihesabiwa kuwa nusu ya utu uzima.

Nimeanzia huku, mbali na bahari, kwa kuwa habari nitakayoisimulia aghalabu husimuliwa kutoka Mji Mkongwe wa Unguja, kana kwamba ilianza na kwisha ndani ya barza za mabwana wa karafuu. Ni habari ya Hizbu, chama cha uzalendo kilichochipuka Zanzibar mwaka 1955, kikakua kwa taathira ya Kairo ya Gamal Abdel Nasser, kikaunda serikali, na kikaanguka mwezi mmoja baada ya kupewa dola. Itikadi yangu ni kwamba kisa chake hakifahamiki bila ya kumtazama mtu aliyeshuka kwa njia hii ya Goweko na mzigo begani, akavuka maji, akalima konde yake ya muhogo chini ya mikarafuu ya mwingine, kisha akaulizwa siku ya kura kama yeye ni mtu wa nchi ile au siye.

Katika miaka ile fikra ya umoja wa Waarabu ilikuwa na nguvu kubwa katika Mashariki. Mwaka 1947, katika mji wa Damascus, chama cha Baath kilifanya mkutano wake wa kwanza chini ya walimu wawili, Michel Aflaq aliyekuwa Mkristo na Salah al-Din al-Bitar aliyekuwa Mwislamu. Na hilo la Mkristo kuwa mwalimu mkuu wa uzalendo wa Kiarabu latosha kuonyesha kwamba waliutafuta umoja wa watu katika lugha na historia, si katika mlango wa msikiti. Mwaka 1952 maofisa wa jeshi la Misri walimpindua mfalme wao. Mwaka 1956 Nasser akautaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israeli zikamshambulia, zikalazimika kuondoka. Kwa mtawaliwa yeyote aliyesikia kwamba Mwingereza amerudi nyuma mbele ya taifa lililokuwa jana chini yake, habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko hotuba elfu. Tena ilisikika kwa Kiswahili, kwa sababu tangu mwaka 1954 redio ya Kairo ilikuwa na matangazo ya lugha yetu, na maneno yake dhidi ya ukoloni yalikuwa makali kiasi cha kuwakosesha wakubwa wa serikali usingizi.

Lakini Hizbu haikuzaliwa redioni. Chimbuko lake ni Kiembe Samaki, kijiji cha wakulima na wafugaji kusini ya mji wa Unguja, karibu na kiwanja cha ndege ambacho ardhi yake ilitwaliwa kwao. Mwaka 1951 serikali iliwaamuru wafugaji wa huko waichanje mifugo yao dhidi ya kimeta, nao, ambao tayari walikuwa na kinyongo cha ardhi na hawakuwa na imani na dawa za serikali, walikataa; wakashitakiwa, wakahukumiwa, na umati ulipojaribu kuwaokoa wafungwa wao polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Wazanzibari wakayaita mapambano hayo Vita vya Ng'ombe. Kutokana na uchungu huo watu wa shamba walianzisha chama cha raia wa Sultani wa Zanzibar, na Vuai Kiteweo, mtu wa shamba asiyekuwa wa ukoo wa mabwana, akawa rais wa Hizbu iliyotokana nacho. Wanaosema kwamba Hizbu ilikuwa chama cha Waarabu tangu siku ya kwanza, na hawasemi zaidi, wanamfuta mtu huyu na wenzake katika historia ya nchi yao.

Hata hivyo ni kweli kwamba kauli ya chama ilishikwa hima na watu wa mjini waliosoma. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya maandiko ya gazeti lao la Al-Falaq, nao Waarabu wakalisusia Baraza la Kutunga Sheria. Miongoni mwao alikuwako Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyesomea kilimo Makerere na aliyekuwa mhariri wa gazeti la Mwongozi, mtu mwenye kalamu, mwenye adabu ya mazungumzo na mwenye azma isiyolegea. Yeye ndiye aliyeipa Hizbu lugha yake. Katika lugha hiyo hapakuwa na Mwarabu wala Mshirazi wala Mngazija. Palikuwa na raia tu, wenye nchi moja na haki moja, wakidai Mwingereza aondoke. Jogoo akawa alama ya chama. Vijana walipelekwa kusoma Misri, yakaanzishwa madarasa ya watu wazima, jumuiya za vijana, za wanawake na za wafanyakazi. Na alipotoka London mwaka 1957 Abdulrahman Mohamed Babu akawa katibu mkuu, chama kikapata nidhamu ya kazi ambayo vyama vingi vya Afrika Mashariki havikuwa nayo wakati ule.

Je, chama hiki kilikuwa cha kidunia kama Baath? Kwa maandiko yake ya siasa, ndiyo: kilidai uraia, kura, na serikali ya madaraka. Kwa hotuba zake shambani, si hivyo, kwa kuwa visiwani karibu watu wote ni Waislamu, na msemaji aliyetaka kumwunganisha Mwarabu mwenye mikarafuu na Mtumbatu mvuvi hakupata kamba nyepesi kuliko dini. Kamba hiyo nayo ilikuwa na ncha yake: Wanyamwezi wengi, Wamakonde na wengineo waliovuka bahari kutafuta kazi hawakuwa Waislamu, na hata waliokuwa Waislamu waliitwa Wabara.

Hapo ndipo njia ya Goweko inapoingia katika kisa. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mashamba yalihitaji mikono ya kuchuma na kupalilia, na ikatoka bara kwa mkataba na kwa hiari. Aliyekuja alipewa mahali pa kujenga kibanda na kulima muhogo na mtama kati ya mikarafuu, kwa sharti la kusafisha shamba la mwenyewe, bila ya haki ya kupanda mti wa kudumu. Kwa maana mti ungekuwa dai la ardhi. Wengine wakawa wachukuzi bandarini, wengine polisi. Wakaoa, wakazaa, wakazikwa huko. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilipata watu kama 264,000 katika visiwa vyote viwili, na waliotoka bara au waliozaliwa na watu wa bara hawakuwa kundi dogo hata kidogo.

Uchaguzi wa kwanza ulipofanyika Julai 1957, viti sita vikigombewa, Hizbu haikupata hata kimoja. Afro-Shirazi, chama cha Waafrika na Washirazi kilichoungana miezi michache tu kabla, kilipata vitano, na Ali Muhsin mwenyewe alishindwa katika mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja na Abeid Amani Karume, mtu wa vyombo vya bandarini. Wafuasi wa Hizbu walikuwa wamekwenda mahakamani kudai kwamba Karume si mzaliwa wa Zanzibar. Wakashindwa kesi, kisha wakashindwa kura. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa mbaya. Wenye mashamba wakaanza kuwafukuza waliokaa chini ya mikarafuu yao, wakiwaadhibu kwa kura zao. Nao wafuasi wa Afro-Shirazi wakaanza kuyasusia maduka ya Waarabu. Mtu aliyelima konde yake miaka kumi na mitano aliamrishwa kuondoka na mihogo yake ikiwa ardhini bado. Nani angemshawishi baada ya hapo kwamba jogoo anawika kwa ajili yake pia?

Ajabu ni kwamba miezi michache baadaye, Januari 1958, si mbali na Goweko, chama kingine kilikabiliwa na mtihani uliofanana na huo, kikaujibu vingine. TANU, chama cha uzalendo cha Tanganyika, ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Wajumbe wengi waliona kuwa hiyo ni dharau, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huohuo, aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Na TANU ikashinda kwa kuwaunga mkono wagombea wa kila rangi. Tazama basi ikhtilafu ya mambo: chama ambacho kadi yake wakati ule ilikuwa ya Waafrika peke yao kilijifunza kutafuta kura kwa jina la Mzungu na Mhindi, na chama kilichotangaza kwamba hakijui kabila kilitumia nguvu zake kumtoa daftarini mchumaji karafuu kutoka Unyamwezi. Siupunguzi ugumu wa Unguja, ambako tofauti ya mwenye shamba na asiye na shamba ilikuwa karibu sawa na tofauti ya nasaba. Lakini ugumu huo ndio hasa ulioitaka Hizbu ilishike neno lake la uraia kwa ukweli wote.

Wala haikuwa kwamba damu za Waarabu na Wanyamwezi hazijuani. Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, waliishi kati ya Wanyamwezi tangu kabla ya nusu ya karne ya kumi na tisa, na Muhammed bin Juma, babake mfanyabiashara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, ndoa iliyompa cheo katika nchi kuliko bunduki zake. Kulikuwa na vita pia, vya watemi Mnywa Sere na Mirambo, na kulikuwa na utumwa, ambao haufai kufunikwa kwa hadithi za ndoa. Ila mtu wa Tabora alimjua Mwarabu kuwa jirani, mkwe, mdai na hasimu, yote pamoja, na aliposhuka pwani hakwenda kwa wageni.

Septemba 1958 wazalendo wa Afrika Mashariki na ya Kati walikutana Mwanza kuunda PAFMECA, umoja wa vyama vyao, na chini ya upatanishi wao Hizbu na Afro-Shirazi zilinyamaziana kwa kitambo. Suluhu haikudumu. Mwisho wa 1959 Mohamed Shamte na wenzake walitoka Afro-Shirazi wakaunda chama cha ZPPP, na Hizbu ikapata mshirika. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Hakuna upande uliopata wingi wa kutawala, kwa hiyo uchaguzi ukarudiwa Juni, na siku za kura zikageuka siku za mapanga. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, wengi wao wenye vijiduka na vibarua wa shamba wasio na mkarafuu hata mmoja. Damu hiyo ilikuwa onyo, na kila upande ulilisoma ulivyopenda.

Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu na ZPPP zikapata viti 18 na serikali. Mambo haya yaliruhusiwa na mipaka ya majimbo, na kisheria ushindi ulikuwa halali. Wiki chache kabla, Babu alikuwa amekihama chama, akaanzisha chama cha Umma pamoja na vijana waliochoka kuona uzalendo ukiwa pazia la wenye mali. Kwa hiyo Hizbu iliingia madarakani ikiwa imempoteza mjenzi wake, na mbele yake zaidi ya nusu ya wapiga kura wasioitaka.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu na Ali Muhsin Waziri wa Mambo ya Nje. Katika jeshi la polisi walikuwamo watu wengi wa bara, waliozoea silaha na walioijua kila ghala ya silaha kisiwani. Serikali mpya, kwa kutowaamini, ikawaachisha kazi wengi wao, na baadhi yao wakabaki Ng'ambo bila ya mshahara wala nauli. Sijapata kusoma uamuzi wa serikali yoyote ya Afrika Mashariki uliokuwa na hatari kubwa kama huo na ukachukuliwa kwa wepesi kama huo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kambi za polisi za Ziwani na Mtoni zilivamiwa, na miongoni mwa wavamizi walikuwamo polisi walioachishwa. Kulipokucha dola ya Sultan Jamshid bin Abdullah ilikuwa imekwisha. Maelfu waliuawa katika siku zilizofuata, Waarabu kwa sehemu kubwa, watu wazima na watoto, kwa kosa la jina na sura. Na hakuna dhuluma ya kura wala ya shamba iwezayo kuhalalisha jambo hilo.

Ali Muhsin na mawaziri wenzake walivushwa bahari wakafungwa katika magereza ya Tanganyika, na yeye hakuachiliwa hadi 1974. Alikwenda Kenya, kisha uhamishoni Uarabuni, akaandika kumbukumbu zake akisisitiza kwamba chama chake kilikuwa cha Wazanzibari wote, na akaifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, tafsiri inayosomwa Unguja na bara pia. Alifariki Muscat mwaka 2006.