Televizio na hesabu ya ulimwengu

Mzee akisimulia hadithi jioni, watoto wanajifunza humo nani wa kuheshimiwa na nani wa kuogopwa. Leo katika nyumba nyingi msimulizi ni televizio. Tujiulize basi: hadithi zake zinatufundisha nini, hata bila kusema kama zinafundisha?

1. Mafundisho ya Gerbner. — George Gerbner (1919-2005), mzaliwa wa Budapest, alikuwa mwalimu katika Universite ya Pennsylvania, Marekani. Tangu mwaka wa 1967 yeye na wenzake walihesabu mambo ya michezo ya televizio: nani anapiga, nani anapigwa. Kiisha wakauliza watazamaji. Mwaka wa 1976 Gerbner na Larry Gross walitangaza majibu. Waliotazama saa 4 au zaidi kila siku walizidi wale wa saa 2 au chini katika kusema kama hatari ya kushambuliwa ni kubwa, tena kama watu hawaaminiki.

Sababu gani? Kila mtu anajua kama mchezo ni mchezo. Filimu moja haimgeuzi. Lakini manyunyu ya kila siku yanalowesha udongo kuliko mvua kubwa ya mara moja. Mtazamaji anasahau hadithi, anabaki na hesabu yake: wezi ni wengi, jirani ni hatari. Gerbner aliona ubaya hapa: mwenye woga anakubali upesi kutawaliwa kwa mkono mkali.

2. Shaka moja. — Mwaka wa 1979, huko Toronto, Anthony Doob na Glenn Macdonald waliangalia pia mtaa wa kila mtazamaji. Walipohesabu uhalifu wa kweli wa mtaa wake, hawakuona tena kama televizio peke yake inaongeza woga wa kushambuliwa. Kumbe penye wezi wengi watu wanaogopa, tena wanakaa ndani kutazama. Basi tusitupie televizio kosa la kila woga.

3. Mfano wa Brazili. — Televizio ya Globo, iliyoanza mwaka wa 1965, haikufika pote mwaka mmoja. Kwa hiyo iliwezekana kulinganisha mahali ilipofika na mahali isipofika bado. Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea walifanya hivyo, wakatangaza kazi yao mwaka wa 2012. Katika novela za miaka 1965-1999, wanawake wakubwa wa hadithi walio chini ya miaka 50 walikuwa hivi: 72 kwa mia hawana mtoto, 21 kwa mia wanaye mmoja tu. Mahali Globo ilipofika, wanawake walizaa kidogo kuliko mbele, hasa maskini. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ya kweli. Hawakupewa hotuba, walizoea kuona jamaa ndogo.

4. Kazi yetu. — Mkristu akituambia: «Vijana wa siku hizi wote ni wezi», tusimcheke, wala tusikubali upesi. Tumwulize kwa upole: «Umeona wangapi kwa macho yako, na wangapi kwa kioo?» Kukataza hakutoshi. Afadhali tutazame pamoja na vijana na kuhesabu: nani anasema, nani ananyamaza, mlimaji yuko wapi, mzee yuko wapi? Aliyejifunza kuhesabu hivyo hatamhukumu jirani yake kwa makosa ya mtu ambaye hajaishi kamwe.