Klabu Iliyozaliwa Uani mwa Kanisa: Historia ya San Lorenzo de Almagro

Baba Mtakatifu Fransisko alipochaguliwa mwezi Machi 2013, wengi wetu tulisikia kwa mara ya kwanza jina la klabu ya kandanda iitwayo San Lorenzo. Habari ilisimuliwa kama kichekesho chema: Papa naye ana timu yake, kama sisi tulivyo na zetu. Ni wachache waliopata kuelezwa kwamba klabu hiyo ilianzishwa kwa msaada wa padre, katika ua wa kanisa, kwa ajili ya watoto waliokosa mahali pa kucheza. Historia hiyo yafaa ifahamike katika parokia zetu, maana inagusa swali tunalokutana nalo kila mwaka: vijana wana nafasi gani katika eneo la kanisa?

Wana wa Don Bosco katika mtaa wa Almagro

Mwaka 1875 Mtakatifu Yohane Bosco alituma wamisionari wake wa kwanza kutoka Torino, Italia, kwenda Argentina, wakiongozwa na Padre Giovanni Cagliero, ambaye baadaye alikuja kuwa Kardinali. Jijini Buenos Aires waliwakuta maelfu ya Waitaliano waliohama kwao kutafuta maisha. Wazazi walishinda kazini kutwa, na watoto wakalelewa na barabara.

Wasalesiani hao walikwenda na kitu walichokirithi kwa mwanzilishi wao, yaani oratori. Tusidhani kwamba oratori ni kikanisa cha kusalia tu. Kwa Don Bosco, oratori ni nyumba kwa asiye na kwao, parokia kwa asiyejua parokia, shule ya maisha, na uwanja wa kukutana na marafiki. Sala, mafunzo na mchezo hukaa chini ya paa moja. Mtaani Almagro palikuwa na oratori iliyowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Antoni, na ndani yake alifanya utume padre kijana aliyeitwa Lorenzo Massa.

Tramu na sharti la Misa

Siku zile kundi la wavulana lilikuwa na desturi ya kucheza mpira barabarani, kwenye makutano ya mitaa ya México na Treinta y Tres Orientales. Walijiita Los Forzosos de Almagro, na miongoni mwa viongozi wao walikuwapo Federico Monti na Antonio Scaramusso. Barabara hiyo hiyo ilipitiwa na tramu, gari lile la umeme litembealo juu ya reli katikati ya mji. Siku moja mmoja wa wavulana akaponea chupuchupu kugongwa nayo.

Padre Massa aliiona hatari hiyo. Angeweza kuwakemea watoto na kuwafukuza. Angeweza pia kuwaandikia wazazi barua kali. Yeye aliwafungulia mlango wa ua wa oratori, akawaambia wacheze humo kwa usalama. Aliweka sharti moja, kwamba siku ya Dominika waje kusali Misa Takatifu. Vijana wakakubali. Tarehe 1 Aprili 1908 wakakutana katika oratori hiyo hiyo ya Mtakatifu Antoni, wakaiunda rasmi klabu yao.

Yupo atakayeuliza: je, huko hakukuwa kuwanunua watoto kwa mpira? Swali ni la haki, na jibu lake lapatikana katika mpangilio wa mambo. Padre Massa aliwapa kwanza kile walichokihitaji siku ile, yaani usalama wa maisha yao. Kisha akawakaribisha katika kile alichoamini kuwa chema kupita vyote. Mwenye kumpa mtoto uwanja na kumnyima Misa amempa nusu. Naye mwenye kumdai Misa huku akimwacha barabarani mbele ya tramu hajampa kitu.

Jina, rangi na kunguru

Masimulizi ya klabu yanasema kwamba vijana walitaka kuiita timu yao San Lorenzo kwa heshima ya padre wao, naye akakataa. Hatimaye alikubali jina hilo kwa maelezo mengine: liwe ni la Mtakatifu Laurenti, shemasi na shahidi wa Roma, na likumbushe pia mapigano ya San Lorenzo ya mwaka 1813, ambamo Jenerali José de San Martín aliwashinda wanajeshi wa Hispania katika vita vya uhuru wa Argentina. Hivyo jina moja likabeba imani na uzalendo pamoja.

Mtakatifu Laurenti aliuawa mwaka 258, na Kanisa humkumbuka tarehe 10 Agosti. Mapokeo yanasimulia kwamba mtawala wa Roma alipomdai hazina za Kanisa, yeye aliwakusanya maskini akamwonesha, kwamba hao ndio hazina. Kwa klabu ya watoto wa barabarani, ni vigumu kumpata msimamizi anayefaa kuliko huyo.

Rangi za jezi ni buluu na nyekundu, nazo huhusishwa na mavazi ya Bikira Maria Msaada wa Wakristo, ambaye Wasalesiani humheshimu kwa namna ya pekee. Hata jina la utani halikutoka mbali. Wapinzani, wakikumbuka kanzu nyeusi za mapadre, waliwaita Los Cuervos, yaani Kunguru. Dhihaka hiyo mashabiki waliipokea wakaifanya fahari yao, na hadi leo shabiki wa San Lorenzo hujiita kunguru bila haya.

Mtoto wa Flores

Klabu ilipanda hadi daraja la kwanza, na mwaka 1916 ikafungua uwanja wake katika barabara ya La Plata, mtaani Boedo. Uwanja huo uliitwa Gasómetro. Ubingwa ulianza kupatikana mwaka 1923 na 1924, kisha 1927 na 1933. Lakini kikosi kilichoimbwa zaidi ni kile cha mwaka 1946, chenye washambuliaji watatu Armando Farro, René Pontoni na Rinaldo Martino. Baada ya kutwaa ubingwa, kikosi hicho kilizuru Hispania na Ureno, kikawastaajabisha wenyeji kwa soka lake.

Miongoni mwa waliokaa majukwaani mwaka ule alikuwapo mtoto wa mtaa wa Flores aliyekuwa bado hajatimiza miaka kumi, Jorge Mario Bergoglio, akiandamana na baba yake. Hata alipokuwa Papa aliendelea kumkumbuka Pontoni na mabao yake.

Uhusiano wa familia hiyo na oratori ulikuwa wa ndani kuliko ushabiki. Wazazi wake, Mario na Regina, walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1934 katika oratori ile ile ya Mtakatifu Antoni huko Almagro, wakafunga ndoa mwaka uliofuata. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa siku ya Noeli ya mwaka 1936 na Padre Enrico Pozzoli, Msalesiani, katika kanisa la Bikira Maria Msaada wa Wakristo mtaani humo. Padre Massa alipofungua ule mlango mwaka 1908 alikuwa akiwaepusha watoto na tramu. Hakuwa na namna ya kujua kwamba miaka 26 baadaye, mahali pale pale, kijana na binti wangekutana na kumzaa atakayekuwa Khalifa wa Mtakatifu Petro. Ndivyo ilivyo mbegu ya utume: aipandaye si lazima aishi hadi mavuno.

Kupoteza nyumba

Mafanikio yaliendelea. Mwaka 1968 San Lorenzo ilitwaa ubingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja, na mwaka 1972 ikabeba mataji yote mawili ya taifa katika mwaka mmoja. Kisha zikaja siku za giza. Klabu ilielemewa na madeni, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi uliodumu kuanzia mwaka 1976 hadi 1983. Kwa shinikizo la wakuu wa jiji, Gasómetro ikafungwa. Mchezo wa mwisho ulichezwa tarehe 2 Desemba 1979 dhidi ya Boca Juniors, ukaisha bila bao. Ilisemwa kwamba ardhi hiyo ingetumika kwa barabara na makazi ya watu; mwishowe pakajengwa duka kubwa la kampuni ya Carrefour.

Mwaka 1981 timu iliteremka daraja, ya kwanza kufikwa na aibu hiyo kati ya klabu kubwa tano za Argentina. Jambo la ajabu ni kwamba watu hawakuiacha. Mwaka 1982, ikicheza daraja la pili katika viwanja vya kuazima, mashabiki walijaa kuliko hata kwa timu za daraja la kwanza. Ilirejea juu mara moja, na mwaka 1983 ikamaliza katika nafasi ya pili. Ilikaa miaka 14 bila uwanja wake, hadi Desemba 1993 ilipofungua uwanja mpya katika eneo la Bajo Flores.

Hata hivyo, Boedo hapakusahaulika. Tarehe 8 Machi 2012 umati mkubwa wa mashabiki uliandamana hadi Plaza de Mayo kudai ardhi yao, na mwezi Novemba mwaka huo huo Baraza la jiji la Buenos Aires likapitisha sheria ya kuirudisha. Haikurudishwa bure. Mashabiki wa kawaida walichangishana fedha, wengine wakinunua mita moja moja ya mraba ili klabu iweze kumlipa mwenye duka. Mwaka 2019 ardhi ilirudi mikononi mwa klabu.

Hapa tunajifunza jambo juu ya maana ya mahali. Parokia inapopoteza kipande cha ardhi, hutokea tukasema ni ardhi tu. Watu wa Boedo walijua kwamba pale ndipo baba zao walipowashika mkono wakawaingiza uwanjani, nao wakakataa kusahau kwa zaidi ya miaka 30.

Kombe lililochelewa

Katika klabu zile kubwa tano, San Lorenzo pekee ndiyo iliyokuwa haijawahi kutwaa Copa Libertadores, kombe kuu la Amerika ya Kusini. Wapinzani walizigeuza hata herufi za jina lake, CASLA, ili zimaanishe klabu isiyo na Libertadores. Tarehe 13 Agosti 2014, siku tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, dhihaka hiyo ilikoma. Baada ya sare ya 1–1 huko Asunción, waliifunga Nacional ya Paraguay 1–0 kwa mkwaju wa penalti wa Néstor Ortigoza. Wiki moja baadaye wachezaji na viongozi walikuwa Roma, wakimwonesha Papa kombe.

Papa mwenyewe hakuutazama mchezo huo. Tangu mwaka 1990 alikuwa ameweka ahadi kwa Bikira Maria kutotazama televisheni, na matokeo alikuwa akipelekewa na askari wa Uswisi wanaomlinda. Aliipenda timu yake, akawa mwanachama wake mwaka 2008 ilipotimiza miaka mia moja, lakini hakuiruhusu imtawale. Alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, makunguru walimlilia kama mzee wa ukoo.

Fundisho kwetu

Kanisa limeufundisha ulimwengu kuutazama mchezo kwa heshima. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anauchukua mfano wa wanaoshindana mbio kuyaeleza maisha ya Kikristo (1 Kor 9:24-27). Mwaka 2018 Dikasteri ya Walei, Familia na Maisha ilitoa hati nzima kuhusu michezo na malezi ya mtu. Wasalesiani wenyewe tunao hapa kwetu Afrika Mashariki tangu mwaka 1980, na vituo vyao vinajulikana kwa ufundi, sala na mpira.

Tusifiche upande wa pili. Soka la Argentina limetiwa doa na makundi ya mashabiki wenye fujo, na damu imemwagika viwanjani. Kwetu kumeingia ugonjwa mwingine, ule wa kubeti. Kijana asiye na uwanja wa kuchezea ana simu mkononi. Mpira anaujua kwa namba za mkeka, na akiba ya mama yake inateketea jioni moja. Hiyo ndiyo tramu ya zama zetu, nayo haipigi kengele.

Basi, waamini wapendwa, Halmashauri za Walei zinapokaa kupanga matumizi ya ardhi ya parokia, mapendekezo huwa mengi: ukumbi wa kukodisha, vibanda vya biashara, maegesho ya magari. Yote yana faida yake, na makanisa yetu yanahitaji fedha. Lakini katika mahesabu hayo liwemo pia swali hili: watoto wanaocheza leo kwenye eneo hilo watakwenda wapi? Padre Massa hakuwa na fedha ya kuwapa vijana wa Almagro. Alikuwa na ua, ufunguo, na Misa ya Dominika. Parokia nyingi zetu zinavyo vyote vitatu, na mara nyingi kinachokosekana ni mtu mzima mmoja aliye tayari kukaa na vijana jioni, akiwa na filimbi mfukoni na rozari mkononi. Tumwombe Mtakatifu Yohane Bosco atupatie watu wa namna hiyo, na aliye na nafasi asisubiri kuteuliwa.