Kusuka koili ya vepu ni rahisi, kasheshe iko kwenye betri

Pita Mama Ngina Waterfront jioni, au kata vichochoro vya Kibokoni usiku baada ya isha, na pua itakuambia kabla ya macho: harufu ya embe, ya mnanaa, ya peremende. Si udi, wala si shisha. Ni vepu.

Shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017. Marufuku yenyewe imeyumba, maana mapema 2024 hakimu wa Shanzu, papa hapa Mombasa, aliwaachilia watu walioshtakiwa kwa shisha akisema kanuni zile hazikupitia Bungeni inavyotakiwa. Huku wakubwa wakivutana kortini, wapo mabarobaro waliokwisha hamia kwenye kidude cha mfukoni kisichohitaji makaa wala maji.

Wengi hununua zile za kutumia na kutupa. Lakini kuna kundi la wajuaji wenye vepu za kufungua, ambazo koili yake unaisuka mwenyewe. Ukiwauliza sababu, watakutajia ladha na ukubwa wa wingu la mvuke. Sababu kubwa zaidi ni pesa. Koili moja hula waya wa sentimita 10 hivi, kwa hivyo kigurudumu cha mita 10 kinakupa koili kama 100. Hesabu hiyo inamshawishi mtu yeyote anayeishi kwa kibarua.

Ndani ya koili hakuna uchawi. Ni waya uliozungushwa kama springi, na pamba imepitishwa katikati yake. Pamba inanywa majimaji ya ladha, umeme ukipita waya unashika moto, majimaji yanageuka mvuke. Ni kanuni ileile ya pasi na ya jiko la umeme. Waya unaotumika sana ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini uliobuniwa Uswidi. Ukipata moto hujivisha ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini, ndiyo maana haulikiki upesi. Kuna pia nikromu, ya nikeli na kromiamu, inayowaka haraka zaidi.

Hapa kuna mtego. Kuna wanaochomoa waya kwenye koili ya jiko bovu wakaukata na kuusuka upya. Waya huo unaweza kuwa wa aina moja na ule wa vepu, lakini hujui unene wake kamili wala mchanganyiko wake, na bila hayo mawili huna hesabu. Acha ubaki kwenye jiko.

Kusuka kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa mkono uliotulia. Zungusha waya kwenye kijiti cha chuma cha milimita 3, mizunguko sita iliyobanana. Funga miguu miwili kwenye skrubu za vepu, kata mabaki yasiguse ukuta wa chuma, halafu pima. Ukiridhika, bonyeza kwa nguvu ndogo, sekunde moja moja. Koili nzuri huanza kuwa nyekundu katikati kisha wekundu ukaenea nje. Ikiwaka upande mmoja, achia kitufe, subiri, ibane taratibu. Waya wa nikeli tupu au wa titani usiuwashe mpaka uwe mwekundu hata kidogo. Mwisho pitisha pamba, isikaze sana wala isilegee, uiloweshe kabisa. Pamba kavu ikiungua, utakachovuta ni moshi mkali wenye sumu, na koo litakuambia.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa usiruke. Mjerumani Georg Ohm aliiandika 1827: gawanya volti kwa omu, unapata ampea. Omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme. Kanthal A1 ya milimita 0.4 ina omu 11.5 hivi kwa mita, kwa hivyo mizunguko yetu sita pamoja na miguu inatoa kama 0.85. Betri moja ikijaa ina volti 4.2. Gawanya: karibu ampea 5. Hapo hakuna shida.

Halafu jamaa anataka wingu kubwa, anafunga koili mbili pamoja. Anayeanza hudhani omu zinajumlishwa. Hapana, zikifungwa sambamba zinakatika nusu. Sasa una 0.42, na betri inadaiwa ampea 10. Badilisha Kanthal kwa nikromu ya unene uleule na inakaribia 13. Wale wa kushindana mawingu hushuka hadi 0.1, na hapo betri inaombwa ampea 42. Vepu yenye saketi ya kielektroniki ikiona omu ziko chini mno hukataa kuwaka. Ile ya bomba la chuma na kitufe tu, isiyo na saketi, haikatai kitu. Mlinzi ni wewe na hesabu yako.

Na hapa ndipo mtaa unapotuangusha. Betri hizi huitwa 18650, kwa kuwa zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Zinafanana kwa umbo, ila ndani hazifanani kabisa. Iliyotengenezwa kwa kazi nzito inaweza kutoa ampea 20 mfululizo. Iliyotolewa kwenye laptopu mbovu mara nyingi imeundwa kutoa tano hivi. Ukikuta iliyoandikwa 9900mAh, jua lebo inadanganya. Betri nzuri za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu 3,500. Kama lebo imedanganya kuhusu hilo, ampea utaziamini vipi?

Ikidaiwa kupita uwezo wake, betri inachemka, gesi inajaa, na ndani ya bomba la chuma gesi haina pa kutokea isipokuwa mbele, kwenye mdomo wako. Mwaka 2018 mwanamume wa miaka 38 alifariki St. Petersburg, Florida, vepu yake ilipolipuka. Mwaka uliofuata, kijana wa miaka 24 wa Fort Worth, Texas, alikufa baada ya kipande cha vepu kukata mshipa wa shingo. Matukio haya ni nadra. Lakini wao walikuwa na maduka na betri za kila aina.

Angalia pia ganda la plastiki. Mwili wote wa betri ni upande hasi, na karibu na kichwa chanya kinachoutenga ni ganda hilo jembamba tu. Likichanika, usitumie. Na usiitupe betri tupu mfukoni mwa kanzu pamoja na funguo na sarafu. Hiyo ni shoti inayosubiri wewe ukae.

Nikotini nayo haijali umesuka mwenyewe au umenunua, inashika tu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini iliandikwa kabla ya vidude hivi kutufikia. Mswada wa marekebisho wa 2024, wa Seneta Catherine Mumma, ulilenga kuziba pengo hilo. Mwaka huohuo Mombasa kelele zote zilikuwa za muguka, na vepu zikaendelea kufuka kimyakimya. Kama hujaanza, mimi sikushawishi.

Kwa aliye ndani tayari, kitu cha kwanza kununua ni mita, kabla ya waya. Multimita za kawaida za mafundi wa simu husumbua chini ya omu moja, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina omu zake. Gusanisha ncha zake mbili kwanza, soma namba inayotokea, tuseme 0.3, halafu uitoe kwenye kipimo cha koili. Ukiisahau, koili ya 0.2 itasomeka 0.5. Wewe utadhani unavuta ampea 8, kumbe ni 21.