Ghala la Yusufu na Mvua za Mlima Kenya

 

Fungu letu la leo latoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Habari hii mwaijua. Farao aliota ndoto, na Yusufu akamweleza maana yake: miaka 7 ya shibe, kisha miaka 7 ya njaa. Lakini angalieni vizuri. Yusufu hakuishia kwenye kueleza ndoto. Alitoa mpango pia, kwamba sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba wakati wa shibe. Habari ya njaa peke yake isingaliwaokoa Wamisri. Waliokolewa kwa sababu mtu alijenga ghala mapema.

Sisi nasi tumekwisha kupewa habari. Mwaka 1899, mlima wetu ulipopandwa mara ya kwanza hadi kileleni, ulikuwa na sehemu 18 za barafu ya kudumu. Leo zimesalia chache. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza karibu sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mtu asidhani kwamba mito yetu yategemea barafu hiyo. Maji yake mengi hutokana na mvua inayonaswa na msitu na kutunzwa na udongo. Barafu ni kama kengele ya kanisa: yatuita tuamke, kwa kuwa majira yamebadilika.

Na kweli yamebadilika. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kavu za Kenya. Kieni yetu ni miongoni mwa sehemu ambazo serikali huziangalia kwa sababu ya ukame. Kisha mvua ndefu za 2024 zikaja na mafuriko yaliyoua watu wengi nchini.

Wengine huuliza: kosa ni la nani? Moshi ulioongeza joto duniani umetoka zaidi katika nchi tajiri zenye viwanda vingi. Sehemu ya Kenya haifiki asilimia 1. Si haki, na yafaa lisemwe wazi. Lakini njaa haibishi hodi kwanza ikauliza mwenye hatia ni nani. Basi na tujenge maghala, tena matatu.

Ghala la kwanza ni la maji. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, laweza kuteka karibu lita 1,000. Na paa la kanisa lenu je? Maji yake huenda wapi? Mara nyingi huchimba barabara na kubeba udongo mwekundu hadi mtoni, na baada ya miezi miwili akina mama wanatembea mbali na mitungi. Mfereji wa mabati na tangi, au bwawa dogo lililotandikwa plastiki, vyaweza kuokoa bustani ya mboga. Udongo wenyewe pia ni tangi. Ukiupa samadi, ukaufunika kwa majani makavu, na kuchimba makinga ya fanya juu yenye nyasi za napia kingoni, maji hukaa shambani. Tena tusisahau miti. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alianza mwaka 1977 kuwahimiza akina mama kuipanda, kwa sababu aliona vijito vikikauka.

Ghala la pili ni la mbegu. Wazee wetu waliita mvua ndefu mvua ya njahi, na mvua fupi mvua ya mwere, yaani mawele. Hata majira yaliitwa kwa majina ya chakula! Leo wengi wetu twapanda mahindi na maharagwe tu kila msimu. Mvua ikikatika mahindi yanapochanua, tumepoteza karibu yote. Irudisheni njahi shambani, na viazi vitamu, na mtama mahali unapokubali. Kabla ya kila msimu Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Usikilizeni, kisha mmwulize afisa wa kilimo mbegu ya kwenu, maana ile inayokomaa mapema katika Mukurwe-ini ya chini huenda ikachelewa katika baridi ya Kieni ya juu.

Ghala la tatu ni la nafaka. Wakati wa mavuno twauza gunia kwa bei rahisi, na baadaye twanunua unga kwa bei ghali. Weka kwanza ya watoto. Lakini ikaushe vizuri, kwa kuwa mahindi mabichi huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Ukambani. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, ungoje kama dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Pengine mzee mmoja asema, “Mchungaji, si tumtegemee Mungu tu?” Ndiyo, mzee wangu, na tuombe mvua. Yusufu alimcha Mungu kuliko wengi wetu, na bado alijenga ghala. Tukiomba mvua, na ikija twaiacha ipotee barabarani, tumeipokeaje zawadi tuliyoiomba?

Tena ghala lile halikuwa la Misri peke yake. Liliwalisha hata ndugu zake waliotoka Kanaani, wale wale waliomwuza. Basi Jumapili ya mavuno, mnapoleta ndizi na magunia madhabahuni, wazee wa kanisa waulize: ni nani kati yetu hana akiba, na paa letu litapata tangi lini?

Na tuombe. Ee Baba, utupe mvua kwa wakati wake, na akili ya kuitunza. Utufundishe kuweka akiba bila uchoyo, ili jirani asilale njaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.