Pombe Isiyongoja Kesho: Komoni na Vilabu vya Songea

Mtu aliyekwenda shule anapotaja pombe ya kienyeji, mara nyingi huitaja kwa dharau. Huiita ya kizamani, huiita chafu, kisha huagiza ya chupa. Hata hivyo, ndani ya pipa la komoni lililofunikwa kwa gunia katika ua mmoja wa Songea, mna kazi ya kikemia na ya kibiolojia ambayo mwalimu wa sayansi angeweza kuifundisha muhula mzima asiimalize. Tena kazi hiyo haiishii ndani ya pipa. Namna pombe inavyobadilika saa kwa saa ndiyo inayoamua nani atauza leo na nani keshokutwa, na kwa nini majirani hukutana kilabuni jua linapopungua.

Songea imo katika nyanda za juu za kusini, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya Matogoro ambako Mto Ruvuma huanzia. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, na mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia mwezi Mei na kuendelea, baridi huanza, kazi za shamba hupungua, na ndipo msimu wa pombe na wa ngoma, kama lizombe ya Wangoni, huwa umewadia. Zamani pombe ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mwenye shamba alipika, akawaalika majirani, nao wakalima tangu asubuhi kisha wakanywa jioni. Kwa Wamatengo wa Mbinga, magharibi ya Songea, ushirika huo huitwa ngokela. Mjini shamba halipo tena kati ya nyumba na nyumba, lakini kukutana kumebaki, na mahali pa kukutania ni kilabu: mabenchi chini ya paa la bati, ndoo, kata, na kopo moja lipitalo mkono hadi mkono. Hapo hujadiliwa bei ya mahindi na ya mbolea, msiba wa mtaa wa pili, na kijana anayetafuta kibarua.

Komoni hupikwa kwa mahindi, ama unga wake ama pumba zake, pamoja na kimea cha ulezi. Wapishi wake kwa kawaida ni wanawake, na kwa wengi wao fedha ya pipa moja ndiyo daftari na sare ya mtoto. Njia za kupika hutofautiana nyumba hadi nyumba. Wapo wanaouvundika unga na kuukaanga kwanza, na wapo wanaoanza na uji. Lakini katika njia zote siri kubwa ni kimea.

Ulezi hulowekwa usiku mmoja, huchujwa maji, kisha hutandazwa na kufunikwa kwa majani au gunia kwa siku mbili au tatu. Punje huamka. Kila punje imebeba akiba ya wanga kwa ajili ya mche utakaoota, lakini mche hauwezi kula wanga kama ulivyo, maana ni mnyororo mrefu wa glukosi usioyeyuka katika maji. Kwa hiyo punje inayoota hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilesi, ambavyo kazi yake ni kuukata mnyororo huo vipande vipande mpaka uwe sukari. Mpishi huiacha punje iendelee mpaka vimeng'enya viwe vingi, halafu huianika juani na kuikatisha safari yake. Akichelewa, mche huila sukari yenyewe na kimea huwa hafifu. Akiwahi mno, vimeng'enya havijatosha. Kwa kutazama urefu wa chipukizi na kuonja punje kwa ulimi, mpishi hukadiria jambo ambalo maabara ingelipima kwa saa kadhaa. Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz wa Ufaransa walitenga kimeng'enya cha aina hii kutoka katika kimea cha shayiri, nacho kikawa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Wapishi wa ulezi walikuwa wamekwisha kukitumia vizazi vingi, bila kukipa jina.

Sasa hutokea tatizo ambalo wanafunzi wangefaa kuulizwa kabla ya kupewa jibu. Wanga wa mahindi haufunguki mpaka upashwe moto wa nyuzi 62 hadi 72 za sentigredi hivi, ndipo chembe zake huvimba na uji ukawa mzito. Lakini katika moto wa kuchemka amilesi huharibika mara moja. Basi vitu hivi viwili vikutane vipi? Mpishi wa Songea huchemsha uji kwanza, bila kimea. Kisha huuacha upoe mpaka kidole kinapotumbukizwa kiweze kuvumilia kwa kitambo kidogo tu, na hapo ndipo hunyunyiza unga wa kimea na kukoroga. Baada ya muda uji uliokuwa ukishikilia mwiko huanza kutiririka kama maji, tena huwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila tone la kileo, wala mwanafunzi hahitaji kuonja pombe ili ailewe sayansi yake. Uji mwepesi wa mahindi hugawanywa katika vikombe vitatu. Kimoja huachwa kipoe kabisa, cha pili huwekwa katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 50 hivi, cha tatu katika maji yanayotokota. Kila kimoja hutiwa kijiko cha unga wa kimea. Kila baada ya dakika tano hutolewa tone na kuwekewa iodini. Rangi ya buluu iliyokoza ni dalili kwamba wanga ungalipo. Katika kikombe cha pili buluu hufifia kwanza. Katika cha tatu hung'ang'ania.

Hapo uji ulipolainika njia hugawanyika, na ni vema kusimama kidogo katika njia panda hiyo. Ukiachwa mpaka kesho, bakteria wa asidi ya laktiki, ambao wamo tele katika kimea, huugeuza kuwa togwa: kinywaji chenye uchachu mtamu, kinywewacho na wazee, wagonjwa na watoto. Watafiti wa lishe nchini hawakuipuuza elimu hii ya jikoni. Mwaka 1983 A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba unga kidogo wa kimea hulainisha uji mzito wa mtoto pasipo kuongeza maji, hata bakuli lile lile likabeba chakula kingi zaidi. Mwaka 1994 W. Lorri na Svanberg wakachapisha matokeo kwamba watoto wadogo waliokula uji uliochachushwa na bakteria hao waliharisha kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Asidi huwazuia vijidudu wengi wa magonjwa kustawi. Kimea cha kilabuni na kimea cha mtoto ni kimoja.

Njia ya pili ni ya komoni. Uji ule hupikwa tena, hupozwa, kisha hutiwa kimea kibichi mara ya pili pamoja na machicha ya pombe iliyotangulia. Machicha ndiyo mbegu. Ndani yake mna hamira hai. Hamira huila sukari na kutoa ethanoli na hewa ya ukaa: gramu 180 za glukosi, zikichachuka zote, hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za hewa hiyo. Povu linaloinua gunia juu ya pipa ni hizo gramu 88 zikitafuta njia ya kutokea. Louis Pasteur alitumia miaka mingi katika karne ya 19 kuwathibitishia wenzake kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Mpishi wa komoni hana haja ya kuthibitishiwa. Anajua kwamba pipa likipigwa na baridi ya Juni au Julai hulala, kwa hiyo hulivika magunia na kulisogeza karibu na jiko kana kwamba ana mgonjwa.

Baada ya siku moja au mbili pombe huchujwa na kuuzwa. Hapa ndipo komoni inapoachana kabisa na bia ya kiwandani. Bia ya chupa imechujwa na kupashwa moto, hamira yake imekufa au imeondolewa, nayo yaweza kukaa miezi ghalani. Komoni huuzwa ikiwa hai. Asubuhi ni laini na tamu, jioni imekuwa kali. Kesho yake huanza kukwaruza koo, na hewa ikiendelea kuingia, bakteria wengine huigeuza ethanoli kuwa asidi ya siki. Mpishi ambaye pipa lake limepitiliza amepoteza mahindi, kuni, ulezi na siku nne za kazi, bila bima wala jokofu.

Kwa sababu hiyo wapishi wanaouza pamoja hupangana kwa zamu. Wakipika watano siku moja, wanywaji hawatatosha na mapipa manne yatageuka siki. Akipika mmoja leo na mwingine kesho, kila pipa hupata watu wake likiwa bado tamu. Mnywaji naye hawezi kununua na kuhifadhi; lazima aje, na akija huwakuta wenzake. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka masharti ya leseni na saa, lakini mpangilio wa zamu haukuandikwa na serikali. Umetokana na umri mfupi wa pombe yenyewe. Baridi ikizidi na pipa la leo likachelewa kuiva, zamu zote huvurugika, na hapo huhitajika busara na maneno mengi.

Si komoni peke yake yenye tabia hii. Katika mikoa ya Njombe na Iringa, na sehemu za Ruvuma pia, kuna ulanzi, utomvu wa mianzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi changa na kuifungia chombo, na utomvu hudondoka humo ukiwa tayari una sukari, hauhitaji kimea. Ulio mbichi na mtamu huitwa mtogwa, na ule uliokomaa huitwa mkangafu. Umbali kati ya majina hayo mawili ni usiku mmoja au zaidi kidogo. Kilimanjaro wana mbege ya ndizi na ulezi, na kwingine hupikwa wanzuki ya asali. Gongo ni habari nyingine: hiyo hukenekwa, kileo chake hukusanywa na kuwa kikali mno, nayo hukaa. Pombe inayokaa haina zamu, na mtu aweza kuinywa peke yake nyuma ya nyumba.

Uchunguzi wa pombe za kienyeji za Tanzania uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta kileo cha zile zisizokenekwa kati ya asilimia 2.2 na 8.5. Si nguvu ya kudharau, hasa kwa mtu aliyeshinda kilabuni tangu mchana. Lakini uchunguzi huo ulikuta jambo jingine la kutisha zaidi kuliko kileo: katika baadhi ya pombe hizo mlikuwa na aflatoksini, yaani sumukuvu itokayo kwa ukungu wa Aspergillus.

Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Anayeipata kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, kiungo ambacho pombe nayo hukichosha. Viwango vya Afrika ya Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya mahindi.

Iko desturi, tena si ya Songea tu, kwamba mahindi yaliyoharibika yasiyofaa kwa ugali hupelekwa kwenye pombe. Watu hudhani moto utayasafisha. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii, na hamira haiili yote. Sehemu yake hubaki katika machicha wanayolishwa nguruwe na kuku, na sehemu hupita ndani ya kopo. Pumba nazo zahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa sumukuvu hukaa kwa wingi katika ganda la punje. Hata kimea chenyewe, kikilazwa chini ya majani siku nyingi bila hewa, chaweza kuota ukungu kabla hakijaanikwa.

Kinga huanzia shambani na ghalani: mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na yasiwekwe yakiwa na unyevu. Kisha huja ungo. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu huchambuliwa kwa mkono kabla ya kusagwa, na tafiti zimeonyesha kwamba uchambuzi huo hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Zinazotolewa hufukiwa, wala hazirushiwi kuku. Ni kazi ya kuchosha, na humpunguzia mpishi debe lake, jambo ambalo mnywaji anayelalamikia bei hulisahau.

Giza likiingia, ndoo ya mwisho hukwanguliwa kwa kata na mabenchi huegemezwa ukutani. Machicha ya chini huwekwa kando katika chungu kidogo. Asubuhi pipa husuguliwa na kufudikizwa juani, na chungu hupelekwa nyumba ya pili, ambako kimea kimekwisha kusagwa na uji wa kwanza unaanza kutokota.